Gari Lisilomaliza

Jumanne, 2 Desemba 1958

Nimetafsiri tangu asubuhi. Koo linauma. Godauni nyuma ya stesheni lina milango mikubwa isiyofungika, na vumbi la Nakuru linaingia kama mwenye nyumba. Mmarekani anasemea puani. Maneno yake yanateleza kabla hayajaisha, na mara nyingine nakisia. Sipendi kukisia. Watu wanakaza boliti kwa neno langu.

Wanamwita Bwana Okei, kwa sababu kila kitu kwake ni okei. Spana ikipotea, okei. Chai ikija baridi, okei.

Kazi hii nimeletewa na Enoka, kaka yangu. Alikuwa dereva wa lori la viazi, Molo na Kuresoi, mvua na jua. Mwezi uliopita alimkuta Bwana Okei amekwama kwenye matope juu ya Molo, akampa nafasi mbele, akamshusha Nakuru. Yule mzungu aliposhuka alisema hajaona mtu anayeongea na barabara namna ile. Akamwajiri. Sasa Enoka anazungusha gari la mashindano asubuhi, injini ilainike, ili Kapteni alikute tayari. Kapteni ni setla wa Molo. Yeye ndiye dereva wa siku yenyewe. Enoka ni wa kupasha injini tu.

Chuo changu cha ualimu kitafunguliwa Januari. Mama amefurahi nimetoka chumbani.

Gari lenyewe: fupi, linanifika kiunoni. Rangi ya fedha isiyong'aa. Halina jina, lina namba. Wanasema ni la majaribio. Liko moja tu duniani.

Alhamisi, 4 Desemba

Leo nimejua kwa nini liko moja.

Wakati wa chai Bwana Okei alikaa juu ya tairi akasimulia habari za gari lake. Mimi nikitafsiri, Fundi Cheruiyot na Opiyo msaidizi wake wakisikiliza. Yalitengenezwa mawili. Hili letu lilipelekwa kwenye mashindano kwao Amerika. Mara ya kwanza breki zilichemka. Mara ya pili gia zilisagika. Mara ya tatu lilikuwa linaongoza, gurudumu la nyuma likachomoka, likalipita gari lenyewe.

"Basi gurudumu lilishinda," akasema Cheruiyot.

Nilipotafsiri, Bwana Okei hakucheka. Alisema ndiyo, gurudumu lilivuka mstari. Gari halikuvuka.

Halijawahi kumaliza. Mahali popote. Kila liendapo watu husimama kulitazama, halafu linanyamaza. Wakubwa wa kiwanda walichoka nalo, wakataka livunjwe. Yeye akalinunua. Rafiki yake mmoja huku alimwandikia kwamba kuna mbio siku ya pili ya Krismasi, kwenye barabara za kambi ya zamani ya jeshi nje ya Gilgil. Akalipandisha meli. Anataka limalize mara moja. Tu. Hajali litakuwa la ngapi.

Halafu akaeleza lile la pili. Sauti ileile. Liligonga ukuta, petroli ikamwagika, likawaka. Bodi za yote mawili zimetengenezwa kwa madini ya magnesi, ili ziwe nyepesi. Watu wakakimbia na maji. Hapo akafungua vidole vyake taratibu, kama ua. Dereva aliishi siku chache. Kisha akaomba sukari.

Sikutafsiri. Nilisema, "La pili liliharibika."

Cheruiyot akaniangalia. "Mwalimu, Bwana amesema maneno gunia zima. Wewe umetupa kibaba."

Nilisema chai inapoa.

Naijua magnesi. Shuleni walituchomea utepe wake darasani, tukaambiwa tusiangalie. Mimi niliangalia. Doa jeupe lilikaa jichoni mwangu hadi chakula cha jioni.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimefua ovaroli ya Enoka. Petroli haitoki hata kwa sabuni ya kipande. Nimeifua mara ya pili.

Najiambia Enoka haendeshi siku ya mbio. Anaendesha Kapteni. Halafu najisikia nikijiambia hivyo. Kwa hiyo nataka aungue setla. Huyo ndiye mimi. Naandika ili nisijidanganye.

Jumatano, 10 Desemba

Kapteni ameanguka.

Tulikuwa Gilgil. Askari walitusimamisha njiani, wakaangalia karatasi zetu, wakaangalia gari kwenye trela, wakasahau karatasi. Kapteni alizunguka vizuri mara kadhaa, kisha kwenye kona ya mwisho gari likageuka mkia mbele, likapanda tuta la udongo. Akarushwa. Mfupa wa bega umevunjika. Gari limebonyea ubavuni. Halikuwaka.

Sote tulikimbia. Nilipofika kitu cha kwanza nilinusa. Petroli, kidogo tu. Nikamshukuru Mungu.

Nilipoinua kichwa nikamwona Enoka. Watu wote walikuwa wameinama juu ya Kapteni. Enoka peke yake alikuwa anatazama kiti kilicho wazi.

 

Ijumaa, 12 Desemba

Wakubwa wa mbio walikutana na Bwana Okei kwenye nyumba moja Milimani. Nilisubiri nje, chini ya maua ya watu, mtunza bustani akiniuliza kila mara nataka nini. Sauti zilipanda ndani. Yake haikupanda. Alipotoka alisema okei.

Enoka ataendesha. Ataanza wa mwisho. Hatahesabiwa. Hata akishinda, kombe si lake. Yote hayo niliyatafsiri mbele ya wenzake nikitumaini atakasirika akatae.

"Lakini bendera ya mwisho nitapungiwa?" akauliza.

Nikamuuliza Bwana Okei. Akasema ndiyo, bendera hupungiwa kila anayefika.

"Basi," akasema Enoka.

Alasiri Kapteni mwenyewe akaja, mkono umefungwa kifuani.

"Wewe Enoka. Hii gari hapana lori ya viazi. Mguu pole pole."

"Ndiyo, Bwana."

"Kama wewe vunja hii gari, mimi piga wewe na mkono moja."

"Ndiyo, Bwana."

Alipokwisha kwenda Cheruiyot akasema, "Yeye alivunja na mikono miwili, hakuna aliyempiga." Wakacheka mpaka Opiyo akakaa chini. Mimi sikuweza.

Nyumbani Enoka alimwambia Mama kabla hata hajanawa. Mama alifunika mdomo, akaomba papo hapo, kisha akatoka kuwaambia majirani wote wa nyumba za reli. Nikamvuta Enoka nje kwenye bomba la maji. Nikamwambia habari ya lile gari la pili.

"Najua. Bwana Okei aliniambia siku ya kwanza."

"Na ukapanda?"

"Naomi, hata viazi vimeua watu. Mteremko wa Mau umeusahau?"

"Mteremko hauwaki."

 Akafungua maji, akayafunga. "Sitaki kushinda. Nataka nifike mwisho, wale wazungu wote wakiangalia, na yule mwenye bendera alazimike kuipunga kwa ajili yangu. Basi. Halafu nitarudi kwa viazi vyangu na utalala."

Nimejaribu kumchukia kwa maneno hayo. Sikuweza.

Jumamosi, 13 Desemba

Nimewaambia. Singeweza kukaa nalo.

Hawakuamini. Cheruiyot alisema labda Kizungu cha Amerika kimenipita. Moto usiozimwa kwa maji unazimwa kwa nini, kwa kwaya? Nikamwomba Bwana Okei vipande vyembamba vya bodi vilivyotoka ubavuni walipokuwa wanaparuza. Akanipa bila kuuliza. Nikaviweka kwenye mkebe wa samaki, uani, mbali na kila kitu. Kiberiti cha kwanza, hapana. Cha pili, hapana.

"Mwalimu, hata mkaa wa mvua ungekuwa umeshika," akasema Opiyo.

Kisha vikashika. Ule weupe. Mchana kweupe na bado vivuli vyetu viliruka ukutani. Nikamwambia Opiyo amwage maji kwa kikombe, asimame mbali. Akamwaga. Ule moto ulirukia maji kama uliokuwa unayangoja. Opiyo alikuwa juu ya pipa kabla sijageuka.

 Kisha Cheruiyot: "Hii gari ilitengenezwa na nani, na alikuwa amekosana na nani?"

Nikamwaga mchanga mkavu juu ya mkebe. Ukafa polepole.

Sasa wananiamini. Nilidhani nitasikia nafuu. Sasa tunaogopa watatu.

Jumatatu, 15 Desemba

Madebe manne ya mchanga. Nimeuchekecha mwenyewe, nimeuanika kwenye mabati. Mchanga wenye unyevu ni maji. Naugusa kila saa. Opiyo anasema naugeuza kama mtama wa pombe.

Jumanne, 16 Desemba

Nimewafundisha kama darasa la kwanza. Nasimama kando, wao wameshika kazi nyingine, halafu napaza sauti.

"Moto."

"Mchanga."

"Na maji?"

"Mwiko."

Mara za mwanzo Opiyo alikimbilia ndoo ya maji. Mkono una mazoea yake, tangu utoto wake umeambiwa moto ni maji. Nikarudia. Nikarudia walipokuwa wanakula. Nikarudia Cheruiyot akiwa chini ya gari, akatoka amegonga paji la uso. Ifikapo jioni mikono yao ilikuwa inajua kabla ya vichwa. Hilo ndilo nililotaka.

Mama Opiyo alipotuletea chai, Cheruiyot aliunguza ulimi, akasema, "Chai moto, jamani, leteni mchanga." Wakacheka. Nikawaambia hili si jambo la mzaha. Nilisema kwa ukali kupita kiasi. Cheruiyot ni mtu mzima, ana binti wa umri wangu Kuresoi. Akasema tu, "Haya, Mwalimu," akanywa.

Alhamisi, 18 Desemba

Gilgil tena. Mara ya kwanza nimemwona Enoka akiliachia.

Nilitaka kufumba macho. Sikufumba. Alipita mbele yangu, kichwa kimetulia kabisa, mikono inasogea kidogo tu, kama mtu anayepangusa meza. Lile gari lililokuwa likimtupa Kapteni huku na huku lilimkubali. Bwana Okei alisimama kando yangu na saa yake akasahau kuitazama.

Ni kitu kizuri. Lazima niandike hivyo. Ni kitu kizuri kuliko vyote nilivyomwona akifanya, na naomba kiharibike kabla ya ile siku. Kidogo tu. Kitu kisichoumiza mtu.

Jumapili, 21 Desemba

Mchungaji alimsimamisha Enoka mbele, kanisa lote la watu wa reli likamwombea ushindi. Walipofika amina mdomo wangu haukufunguka.

Mama aliona. Njiani akauliza, "Wewe mdomo wako umeshonwa na nani?"

Nilisema nina kichwa. Hajui habari ya magnesi. Nimemwambia Enoka asimwambie, naye amenifuata katika hilo moja.

Jumatano, 24 Desemba

Lori la maji la wenye mbio litakaa karibu na kona ya mwisho. Tangi zima. Nilimwomba Bwana Okei awaambie. Alikwenda. Alirudi akasema wamejibu kwamba wanajua kuzima moto, asante.

Basi tuna madebe manne na watu wawili. Lazima wafike kabla ya lile lori. Nimewaambia wasisubiri kuona. Wasiulize. Wakisikia neno, wamwage.

Sili. Mama anafikiri nina mtu.

Alhamisi, 25 Desemba

Krismasi. Baba amerudi kutoka safari ya Kisumu, ana moshi wa treni kwenye nywele. Kuku. Enoka aliimba sauti ya chini kanisani, vizuri. Nilikaa nyuma yake nikiangalia shingo yake.

Ijumaa, 26 Desemba

Nitaandika kwa mpangilio. 

Tulifika mapema. Magari ya wazungu yamepangwa kwenye nyasi, vikapu, miavuli, mbwa. Upande wa pili wa kamba watu wetu, wengi kuliko nilivyofikiri: watu wa reli, wapakizi wa viazi kutoka Molo, wengine wamepanda juu ya malori. Mama na Baba humo. Kibanda chetu kilikuwa cha mwisho kabisa, nguzo nne na turubai. Madebe manne ya mchanga mbele. Ndoo za maji ya rejeta nyuma, nimezisukuma mbali mwenyewe.

Enoka alijifunga kitambaa puani, akavaa kofia ya Kapteni. Hakuniangalia. Afadhali.

Walianza. Alikuwa wa mwisho, kisha hakuwa wa mwisho. Kila alipopita upande wa kamba ulipiga kelele na upande wa miavuli ulinyamaza. Baadaye hata miavuli ilianza kusimama. Bwana Okei hakusema okei hata mara moja. Magari mengine yalikuwa yanakufa, moja baada ya jingine, vumbi na joto. La Enoka halikufa. Nilikuwa nimeshika nguzo ya kibanda. Mti umeniachia vibanzi viganjani.

Mwisho ulikuwa umekaribia. Mtu wa ubao alikwishaonyesha mizunguko mitatu. Ndipo kisulisuli kikatokea upande wa mlima, kile kirefu chekundu cha Desemba, kikavuka barabara. Enoka aliingia ndani yake, akatoka upande wa pili na majani makavu yamejaa kwenye pua ya gari. Sikujua maana yake. Bwana Okei alijua. Alisema neno ambalo sikufundishwa shuleni. Rejeta imezibwa, akasema. Itachemka.

Alipozunguka tena kulikuwa na weupe unatoka chini ya boneti. Nikaona weupe.  Kisha nikaona unapanda na kupotea. Mvuke. Mvuke tu. Akakata kuja kwetu. Injini inanguruma bado, hakutaka kuizima, alitaka maji na kuondoa majani na kwenda, basi, mizunguko miwili imebaki. Cheruiyot akafungua boneti kabla gari halijasimama vizuri. Enoka akashusha kitambaa, akapaza sauti kwa nguvu zake zote.

"Moto. Moto sana. Ma—"

Hakulimaliza neno. Opiyo alikuwa amekwisha kumwaga.

Niliwafundisha vizuri. Debe la kwanza, la pili. Midomo ya kabureta ilikuwa wazi, inavuta hewa, ikavuta mchanga niliouchekecha na kuuanika kwa mikono yangu. Nikakimbia nikipiga kelele, "Si moto, ni moto. Ni moto tu, si moto." Nilijisikia mwenyewe nikisema hivyo. Cheruiyot akageuka na debe la tatu mikononi akaniangalia kama mtu anayeangalia mwendawazimu, na kwa kuwa alisikia moto mara nne, akamwaga na hilo.

Sauti ya injini ikabadilika. Kama meno yanayosagwa. Ikanyamaza.

Enoka alikuwa amekaa, mchanga kwenye kope, mchanga kwenye mapaja. Alibonyeza stata. Alibonyeza tena. Magari mengine yakapita. Yule mwenye bendera akapunga, akapunga, akaikunja bendera.

Kapteni akafika mbio na mkono wake mmoja. "Nani nasema mchanga? Nani?"

"Mimi, Bwana," akasema Cheruiyot.

"Si yeye," nikasema. "Ni mimi."

Kapteni alinitazama juu mpaka chini, akatafuta la kusema kwa Kiswahili chake, hakulipata, akaenda zake.

Enoka alitoka kwenye gari. Alisimama mbele yangu, mzima, mrefu, macho mekundu kwa mchanga. Alinipita. Alipita kamba, akaingia katikati ya watu wetu, wakampa njia bila kelele.

Na mimi nikakaa kwenye nyasi nikalia, na watu walifikiri ni huzuni.

Jumamosi, 27 Desemba

Wamefungua injini. Silinda zimekwaruzwa zote. Hakuna vipuri vyake Afrika nzima. Hakuna popote, lilikuwa limebaki moja.

Cheruiyot amenitetea mbele ya kila mtu. Anasema mtu akikupa amri nzuri ukaifuata vizuri, kosa ni la lugha. Opiyo haniangalii. Anaona amemwua farasi wa watu.

Enoka hajasema neno nyumbani. Anakula, anatoka. Mama sasa anajua yote, Baba alisikia kwa Cheruiyot akamwambia. Alikuja kitandani kwangu akakaa. Hakunisifu, hakunilaumu. Alinishika mguu juu ya blanketi, kisha akaenda kupika.

Jumatatu, 29 Desemba

Tumelipakia kwenye sanduku lake la mbao. Cheruiyot alipigilia misumari. Wapagazi wa stesheni wakalisukuma hadi behewa la Mombasa wakiimba, na hapakuwa na sababu ya kuwakataza.

Bwana Okei aliniita. Alitaka nimweleze sawasawa kilichotokea, maana kila mtu amemwambia chake. Nikamweleza. Kwamba kwetu kitu cha joto ni moto na kitu kinachoungua ni moto. Maji ya kuoga ni moto, uji ni moto, nyumba inayoteketea ni moto. Kwamba mtu huelewa kutokana na mengine yanayosemwa. Na mimi niliwaambia wasisubiri mengine.

Aliuliza, "Neno moja?"

Nikasema ndiyo, neno moja.

Akacheka. Sijawahi kumsikia akicheka. Alicheka mpaka akaegemea behewa, kisha akafuta macho kwa kofia yake, akaendelea kuyafuta muda mrefu baada ya kicheko kwisha. Nilimwomba radhi. Alitikisa kichwa. Akasema alimwona yule kijana wa gari la pili hospitalini. Akasema amekuwa akilipeleka gari hili huku na huku kama mtu anayetaka kujibiwa. Hakusema amejibiwa.

Aliniuliza, lingewaka?

Sijui. Nilimwambia sijui.

Alipeana mkono na kila mtu. Enoka hakuja.

Alhamisi, 1 Januari 1959

Mwaka mpya. Nimelala vizuri, na nimeona aibu kulala vizuri.

Nimejaribu kujuta mbele za Mungu leo kanisani. Najutia neno. Najutia Opiyo, na uso wa Enoka akibonyeza stata. Lakini kila ninapofika kwenye jambo lenyewe nafsi yangu inakataa kupiga magoti. Injini ilinyamaza na yeye akatoka ndani. Hapo ndipo ninapokwama.

Jumamosi, 3 Januari

Enoka amerudishiwa lori lake. Asubuhi alisimama mlangoni, funguo mkononi, akasema anakwenda Molo, kama nataka kuja nije. Maneno ya kwanza tangu siku ile. Nikachukua sweta.

Tulipanda kuelekea Molo. Njoro, Elburgon, misitu, baridi inaingia kwenye matundu ya sakafu. Wapakizi Molo walimsalimu kwa jina lake, mmoja akamwambia, "Tulikuwepo Gilgil. Tulikuona." Akamshika mkono kwa mikono miwili. Enoka alisema asante. Walipakia viazi. Tulikunywa chai tumesimama.

Wakati wa kuteremka ukungu ulikuwa mzito. Aliendesha polepole, amewasha taa, kichwa kimetulia.

"Ningemaliza," akasema.

"Najua."

Tulipita kona kadhaa.   Baadaye aliona natetemeka, akanyoosha mkono mbele yangu, akazungusha kioo cha upande wangu mpaka juu.